Futi Mbili za Mugutha: Mpaka, Ukuta na Njia ya Suluhu

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, akiisha kuupita mji wa Ruiru na kabla hajafika Juja, huwa amekwisha kuingia Mugutha, nchi iliyokuwa zamani katika ukanda wa mashamba makubwa ya mkonge na kahawa, mali ya walowezi wachache, na ambayo leo imefunikwa na nyumba za kupangisha, maduka, makanisa, na zaidi ya vyote hivyo kuta. Kuta za mawe ya Ndarugo yachimbwayo upande huo huo, yaliyochongwa yakapata pembe nne na kupangwa safu juu ya safu kukizunguka kila kiwanja, hata mpita njia haoni ndani ila mapaa ya mabati na matangi ya maji.

Kuta hizi hazikuzuka bure. Baada ya uhuru wa 1963, walowezi wengi walipoyauza mashamba yao na kuondoka, wananchi wa sehemu hizi walijumuika katika vyama vya ushirika na kampuni za kununulia ardhi, wakachanga walichokuwa nacho, wakapewa vyeti vya hisa, wakapiga kura kugawana vipande. Kisha wenye hisa wakazeeka, watoto wakarithi, warithi wakauza, na mnunuzi naye akakikata tena kipande chake, hata kipimo cha kawaida cha mtu wa kipato cha kati kikawa ni kiwanja cha futi 50 kwa futi 100. Sensa ya 2009 iliukuta mji wa Ruiru una watu 238,858. Ile ya 2019 ikaukuta una watu 490,120. Mji ulioongezeka zaidi ya maradufu katika muda wa miaka kumi hauwezi kukosa kugombania nafasi.

Tena kuna hesabu moja ndogo ambayo wanunuzi wengi hawaifanyi. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 huuzwa kwa jina la thumuni ya ekari, nacho kina futi za mraba 5,000 tu, hali thumuni kamili ya ekari ni futi za mraba 5,445. Mtu aliyeambiwa kwa mdomo kuwa amenunua thumuni, akaamini, akamleta fundi na kamba yake, hana budi kuziona futi zake zimepungua; na kwa kuwa aliyemwuzia amekwisha kwenda zake na simu haipokei, aliyebaki karibu wa kutiliwa shaka ni jirani.

Natuchukue mfano wa namna inayotukia kila mara, bila ya kumlenga mtu yeyote. Mwalimu mstaafu amekinunua kiwanja kwa kiinua mgongo chake, akajenga, akapanda migomba kandokando. Miaka ikapita, kiwanja cha pili yake kikanunuliwa na kijana mfanyabiashara, ambaye kabla ya kuanza nyumba alianza ukuta. Bikoni iliyokuwa pembeni, kile kipande cha chuma kilichosimikwa ndani ya saruji na mpimaji, haikuonekana. Labda iling'olewa na tingatinga lililokuja kusawazisha, labda ilifunikwa na kifusi cha mawe, labda ilihamishwa kwa makusudi. Ukuta ukaota. Mwalimu anasema umeingia kwake futi mbili kwa urefu wote wa futi 100; kijana anasema migomba ndiyo iliyovuka. Maneno yakaanza kwa taratibu, yakapanda, akina mama wa nyumba zile mbili wakaacha kusalimiana, na siku moja mwalimu akavaa koti lake akaenda kwa wakili.

Hapa ndipo pa kutua kidogo, kwa kuwa watu wengi wa Mugutha, Ruiru na Thika hulipa fedha nyingi kwa kutojua jambo ambalo sheria imeliandika waziwazi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaizuia mahakama kusikiliza shauri la mpaka wa ardhi iliyosajiliwa maadamu mpaka wenyewe haujabainishwa na Msajili wa Ardhi kwa utaratibu uliowekwa. Na sheria hii haikuwa ngeni, maana ile ya mwaka 1963 iliyoitangulia ilikuwa na kifungu cha namna hiyo hiyo. Sababu yake ina maana. Ramani za usajili katika sehemu nyingi za nchi yetu huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, wala hazikuchorwa ili mtu apime juu yake futi mbili kwa rula. Basi mlalamikaji hufungua kesi, hulipa ada, wito hupelekwa, siku ya kutajwa hutajwa, siku ya kusikizwa huahirishwa, na baada ya hayo yote wakili wa upande wa pili husimama na kusema neno moja, kwamba Msajili hakwenda kuuangalia mpaka. Na kesi ikatupwa nje kabla hajaulizwa mtu nani aliing'oa bikoni.

Njia iliyonyooka ni kumwandikia Msajili, ambaye huwapa taarifa wenye viwanja vyote vinavyopakana, akafika mahali penyewe pamoja na mpimaji na ramani, akawasikiliza wote, kisha akatamka mpaka unapita wapi. Na hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka msomaji alishike: Msajili akiisha kutamka mpaka unapopita, hajatamka majirani hawa wawili wataishi vipi. Ikidhihirika kwamba ukuta umeingia kweli futi mbili, je, ubomolewe mawe yote na msingi wake, hasara ambayo huenda ikapita thamani ya ardhi yenyewe? Je, usimame na fidia itolewe? Au uwe ukuta wa wote wawili, mwalimu apate ruhusa ya kuuegemezea banda lake, na kijana agharamie mfereji wa maji ya mvua? Hakimu, kwa jinsi kazi yake ilivyo, hujibu lile aliloulizwa katika hati za madai, naye aghalabu huulizwa jambo moja tu, yaani ubomolewe au usibomolewe. Maswali hayo mengine yote ni milki ya wenyewe, na mahali pa kuyajibu ni mezani pa mpatanishi.

Jinsi mpatanishi mzuri afanyavyo kazi ni jambo la kulieleza kwa utuvu, kwa sababu wengi wanamdhania kuwa ni hakimu mdogo asiyevaa joho. Yeye hatoi hukumu. Huwakalisha wote wawili pamoja, akawataka wakubaliane kwanza juu ya adabu ya kikao, kwamba mtu asimkatize mwenzake, na kwamba yatakayosemwa humo hayatatolewa nje wala kuletwa kesho mahakamani kuwa ushahidi. Kisha humwacha kila mmoja aeleze habari yake tangu mwanzo hata mwisho, jambo ambalo kortini halipatikani kwa urahisi, kwa kuwa huko mtu hujibu alichoulizwa. Baadaye huwaita faragha, mmoja mmoja, na lile aambiwalo faraghani halipeleki upande wa pili ila kwa idhini ya aliyelisema. Ni katika faragha hiyo ndipo husikika mambo yasiyoandikwa katika hati ya madai yoyote. Udongo mweusi wa sehemu hizi, unaovimba wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, hauyanywi maji kwa haraka, na huenda ikabainika kwamba kilichomkasirisha mwalimu tangu awali si zile futi mbili, bali ni kwamba ukuta uliziba njia ya maji ya mvua, yakarudi jikoni kwake, na alipokwenda kulisema hilo kwa upole alijibiwa na fundi, mwenye ukuta asitoke hata kumwangalia. Kijana naye huenda akasema alichokuwa hajapata kumwambia mtu, kwamba alikinunua kile kiwanja kwa mkopo, na kila siku ujenzi unaposimama riba haisimami. Watu wawili waliokuwa wakigombania futi wanakutwa wana haja mbili zisizogongana hata kidogo, mmoja anataka mfereji na heshima, wa pili anataka amalize.

Wazee wa nchi hii hawakungoja kufundishwa hayo. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake juu ya Wakikuyu kilichotoka 1938, alieleza jinsi baraza la wazee, kiama, lilivyokuwa likiamua magomvi ya ardhi na ya ukoo, na viapo vizito vilivyokuwa mwisho wa mashauri yaliyoshindikana. Na hata leo, katika mashamba ya zamani ya Kiambu ambayo hayajakatwakatwa, utaona safu za itoka, ua la jamii ya yungiyungi lililopandwa mipakani, ambalo kitunguu chake hukaa chini ya ardhi, na jembe likikata majani huchipua tena pale pale. Mpaka uliwekwa mbele ya mashahidi wa pande zote, ukawa ni jambo la jamii nzima, si siri ya ofisini. Kwa watu wa pwani nako sulhu ni mlango mkongwe: katika Suratun-Nisaa waumini wameelekezwa kwamba ugomvi wa mume na mke ukihofiwa kuwafarakanisha, ateuliwe mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke wakatafute mapatano, na makadhi na wazee wa mitaa wameifuata njia hiyo kwa dahari nyingi kabla serikali yoyote haijaitungia kanuni.

Lakini yafaa tukumbuke vilevile njia hii iliingiaje katika Katiba yetu ya Kenya, kwa kuwa haikuletwa na wanasheria tu. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipotiwa shaka, upande ulioona umedhulumiwa ulikataa kwenda mahakamani kwa kutoiamini mahakama. Zaidi ya watu elfu moja wakauawa, maelfu kwa maelfu wakayahama makazi yao. Na kilichouzima moto ule ni meza ya upatanishi iliyosimamiwa na Kofi Annan jijini Nairobi, hata Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga wakatia saini mapatano tarehe 28 Februari 2008. Miongoni mwa mambo yaliyokubaliwa mezani hapo ni kwamba Katiba ibadilishwe, na Katiba hiyo, iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, ikaagiza katika Ibara ya 159 kwamba mahakama zenyewe zikuze maridhiano, upatanishi, uamuzi wa wasuluhishi na njia za jadi za kumaliza magomvi. Na Ibara ya 60, inayohusu ardhi, ikahimiza jamii zimalize magomvi ya ardhi kwa taratibu zao zinazotambulikana. Tangu hapo mengi yamefuata. Sheria ya mashauri ya madai iliongezwa vifungu vya upatanishi. Mwezi Aprili 2016 yakaanza majaribio katika Mahakama Kuu ya Milimani, kwa kesi za kifamilia na za kibiashara, ambapo kesi huchujwa, ikionekana inafaa hupelekwa kwa mpatanishi aliyeidhinishwa, naye hupewa siku 60, zinazoweza kuongezwa kidogo. Na utaratibu huo ukaenea katika mahakama nyingine nje ya Nairobi. Mwaka 2020 ikazinduliwa sera ya haki mbadala iliyotayarishwa na jopo chini ya Jaji Joel Ngugi, ili mabaraza ya wazee na ya mitaa yafanye kazi yao yakitambuliwa na mahakama.

Wenzetu wa nchi nyingine nao wana njia zao. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, haimruhusu mtu kuomba talaka mahakamani kabla hajapita katika baraza la usuluhishi, isipokuwa kwa sababu maalumu. Na Rwanda ina kamati zake za abunzi, wapatanishi wa vijijini.

Nimesema kwa kuisifu njia hii, nami naisifu kwa moyo wangu wote. Walakini mwenye kuipenda hana ruhusa ya kuficha mahali inapodhulumu, na mpaka wake wa kwanza ni nguvu zisizo sawa. Baraza la wazee wanaume likikaa kumgawia mjane ardhi ya marehemu mumewe, na shemeji zake wamekaa duara wakimtazama, yale yatakayoitwa maridhiano huenda yakawa ni hofu iliyotiwa saini. Tusisahau kwamba haki ya mabinti kurithi sawa na ndugu zao haikuletwa na kiama chochote: mwaka 2005, katika shauri la Rono dhidi ya Rono, Mahakama ya Rufaa ndiyo iliyoikataa hoja kwamba binti apunguziwe kwa kuwa ataolewa. Katika familia za Ruiru na Thika, ambako kipande kilichokuwa shamba la kahawa la babu sasa ni mali ya mamilioni, binti aitwaye kwenye kikao cha kupatana na kaka zake aende akijua kwamba mahakama ikimgawia itamgawia sawa, na asikubali chini ya hapo ila kwa ridhaa yake mwenyewe na kwa sababu anayoijua. Katiba yenyewe, katika ibara ile ile ya 159, imekataza njia za jadi kuvunja haki za binadamu. Tena si kweli kwamba upatanishi ni kazi ya wanaume wenye mvi tu: mwanzoni mwa miaka ya 1990, akina mama wa Wajir, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni, wakazipatanisha koo zilizokuwa zikiuana, na dunia ikalitambua jambo hilo Dekha alipopewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Baraza lolote la Mugutha lisilo na mwanamke ndani yake halina udhuru.

Mpaka wa pili wa suluhu ni jinai. Sheria inamruhusu hakimu kuhimiza mapatano katika makosa madogo ya mtu na mtu, kama vile kupigana kusikofika kwenye makosa makubwa, na hilo ni jema. Bali mtoto akinajisiwa, kisha jamaa wa mkosaji wakaja usiku na mbuzi na bahasha, na wazee wakaketi kuyamaliza nyumbani, hiyo si suluhu hata kidogo; ni uovu wa pili juu ya ule wa kwanza, na wote walioketi hapo wana dhima. Sitaki kulitia jambo hili maneno ya kulainisha.

Mpaka wa tatu ni udanganyifu wa hati, maradhi yanayoisumbua nchi nzima na upande wetu usisazwe. Watu wawili wakijikuta kila mmoja ana hatimiliki ya kiwanja kimoja, mpatanishi hawezi kuifuta hati ya kughushi, kwa sababu amri ya kurekebisha daftari la ardhi kwa ajili ya ulaghai hutolewa na mahakama, na mlaghai ni wa kupelekwa kwa wapelelezi. Hata hivyo, yule mwenye hati ya kweli na yule aliyeuziwa hewa aghalabu wote wawili wamedhulumiwa, mmoja kwa ardhi yake na wa pili kwa fedha zake. Wakiacha kutukanana, wakakubaliana kusimama upande mmoja dhidi ya aliyewatapeli, kesi ya mahakamani yenyewe itakuwa fupi na nyepesi. Wala si haki kuidhania kila mahakama kuwa ni mahali pa kuzeekea: mahakama za madai madogo, zilizoanza kufanya kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, nazo zimewekewa siku 60 za kuyamaliza. Anayedai kodi ya miezi mitatu au bei ya lori la mawe, na mdaiwa wake ni mtu asiyetarajia kuonana naye tena, huenda hana sababu ya kutafuta meza ya mapatano.

Haja kubwa ya meza hiyo ni ya watu watakaoendelea kuonana: jirani na jirani, ndugu na ndugu, mwenye nyumba na mpangaji aliyekaa miaka. Na hao wakipatana, wasiishie kwenye kupeana mikono. Mapatano ya maneno matupu kati ya ndugu wawili hudumu umri wa ndugu hao wawili. Watoto wao hawakuwapo, na hawafungwi na kumbukumbu wasiyokuwa nayo. Yaandikwe, na yaandikwe kwa ukamilifu: mpaka umepita wapi kwa mujibu wa Msajili, mpimaji ni nani na analipwa na nani, bikoni mpya zitasimikwa lini na mbele ya nani, ukuta ni wa nani na nani atautengeneza, mfereji utapita upande gani na kwa upana gani, na mtu asipotimiza kwa wakati itakuwaje. Ikiwa ni ardhi ya urithi inayogawanywa, zifuatwe kwanza taratibu za mirathi mahakamani, na ikiwa ni shamba lipelekwe mbele ya bodi ya udhibiti wa ardhi kupata kibali, kisha fomu za mgawanyo zisajiliwe, kila mmoja apate hati kwa jina lake. Wakubaliane hayo siku ile ile, kabla mate hayajakauka.

Na neno hili lisemwe kwa mwenye kutia saini, aliye na wakili na asiye na wakili. Mapatano yaliyofikiwa katika upatanishi ulioagizwa na mahakama, yakiisha kusajiliwa, yana nguvu sawa na hukumu, na sheria imesema hayakatiwi rufaa. Kwa sababu hiyo mama mzee aliyezoea kusema Kikuyu au Kikamba asisomewe karatasi ya Kiingereza na kuulizwa kama ameelewa. Atafsiriwe kwa lugha anayoiota, neno kwa neno, mbele ya mtu wake anayemwamini, na apewe muda wa kwenda nyumbani kuyatafakari akitaka, kwa maana dole gumba likiisha kugusa karatasi itakuwa vigumu mno kupata mahakama ya juu itakayomsikiliza akisema kwamba hakujua.